Moto Juu ya Mwamba, Moto Ndani ya Puto

Kwetu Nyamwaga kokoto hupikwa kwanza, ndipo zipondwe. Mgeni anayepita barabara ya Tarime kwenda Mugumu, akiona moshi umetanda juu ya mwamba, hudhani kuna tanuri la mkaa. Hakuna mkaa pale. Kuna mama na vijana wake wamepanga magogo juu ya jabali, wamewasha moto, na sasa wamekaa pembeni wakisubiri jiwe liive. Mimi ni fundi ujenzi. Kokoto zangu nyingi zimetoka kwenye mioto ya namna hiyo.

Kazi yenyewe ina ufundi wake. Moto hauwashwi popote. Hutafutwa upande wa mwamba wenye ukingo, ili kipande kitakachoachia kipate pa kuangukia. Magogo magumu hulazwa kwa upana. Wengine huongeza tairi kuukuu, jambo ambalo silipendi hata kidogo, maana moshi ule mweusi huishia vifuani mwa watoto. Moto ukishawaka saa kadhaa, au ukilala mpaka asubuhi, mama huchukua nyundo na kugonga polepole huku ametega sikio. Mwamba ambao haujaiva hulia kwa sauti nyembamba, kali. Ulioiva hutoa sauti nzito, butu, kwa kuwa chini yake kumeshaachana. Hapo hupenyeza mtaimbo ukingoni, akaukandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, na ganda lenye unene wa kiganja likanyanyuka zima zima. Niliwahi kuingiza mkono chini ya ganda kama hilo likiwa limetoka tu. Juu lilikuwa bado linaunguza. Mwamba uliobaki chini ulikuwa na uvuguvugu basi.

Uvuguvugu ule unaeleza mengi. Jiwe la graniti halipitishi joto upesi. Moto unachoma uso wake saa nzima, na kina cha mkono mmoja chini hakijapata habari. Kwa hiyo uso unataka kutanuka, lakini umeshikamana na mwamba baridi ambao hauna mpango wa kwenda popote. Na unataka kutanuka kiasi gani? Kidogo mno. Graniti yenye urefu wa mita 1 ikipanda nyuzi joto 300 huongezeka milimita 2 na nusu hivi. Ukimwambia mtu jabali limepasuka kwa sababu ya milimita 2 na nusu, atacheka.

Asicheke. Jiwe halibonyei kirahisi. Ukitaka kulizuia lisiongezeke zile milimita mbili na nusu, itakubidi ulikandamize kwa nguvu inayofika kilo 1,000 na zaidi kwa kila sentimita mraba, yaani tani nzima imekalia eneo la ukucha wa kidole gumba. Hakuna mwenye nyundo Tarime anayeweza kupiga namna hiyo. Na graniti, pamoja na ubabe wake wote, huvumilia kukandamizwa mara kumi au zaidi kuliko inavyovumilia kuvutwa. Uso uliokandamizwa hutafuta pa kutokea, hujikunja kwenda juu, na kwa kujikunja huvuta kile kilicho chini yake. Hapo ndipo unapobanduka.

Kuna jambo la pili. Graniti ni mchanganyiko wa madini kadhaa, hasa kwatzi, felspa na ulanga, na kila moja hutanuka kwa kipimo chake. Kwatzi hutanuka zaidi kuliko jirani yake felspa, na joto likifika nyuzi 573 mpangilio wake wa ndani hubadilika, ikatanuka kwa mkupuo. Basi hata pale ambapo ganda halijabanduka, ndani yake punje zimeshaanza kusukumana na kuachia nyufa zisizoonekana kwa jicho. Ndiyo maana kokoto iliyopikwa hupondeka kwa urahisi. Ndiyo maana pia mimi huichagua kwa uangalifu: iliyopita kiasi motoni huwa na rangi ya wekundu na hukatika kwa nyundo ndogo, na hiyo siitii kwenye nguzo wala lenta. Naimwaga chini ya sakafu, basi.

Njia hii si ya Wakurya wa Tarime peke yao. Kabla ya baruti, wachimba madini wa Misri na wa Roma walipasua miamba kwa moto. Na jua lenyewe huifanya kazi hiyo kwa uvivu. Tazama vilima vya mawe kule Serengeti, kama vile vya Moru: makubwa yake yameviringana, na kando kuna maganda yaliyobanduka. Sehemu ya kazi ile imefanywa na uzito wa ardhi uliokuwa juu ya miamba hiyo zamani ukaondoka, lakini mchana wa jua na usiku wa baridi navyo vina mkono wake.

Saidia fundi wangu mmoja, kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliwahi kuniuliza tukiwa tunapakia kokoto kwenye toroli. "Fundi, kwani jiwe linanenepa?"

"Halinenepi, mura. Zile chembe zake ni zilezile na ukubwa wake ni uleule. Zinaachana kidogo."

"Zinaachana kwa nini?"

Swali lake la pili ndilo zuri, na watu wengi hulipita. Jibu la shuleni ni kwamba joto ni mwendo. Atomi za jiwe, za chuma, za kitu chochote kigumu, hazitulii: kila moja inatikisika mahali pake, na ukiongeza joto inatikisika zaidi. Mpaka hapo ni kweli. Kisha mwalimu huongeza kwamba ni kama watu waliosimama wamebanana, ngoma ikianza wanahitaji nafasi. Mfano huo ni mtamu lakini haujamaliza kazi. Mchezaji anayeyumba hatua moja kulia na hatua moja kushoto, wastani wake uko palepale alipokuwa amesimama. Kama atomi zingeyumba hivyo, sawasawa pande zote mbili, jiwe lingechomwa moto siku nzima bila kurefuka hata kwa unene wa unywele.

Kinachofanya jiwe lirefuke ni kwamba atomi mbili zilizoshikana hazina uhusiano wa usawa. Kuzisogeza zikaribiane ni kazi ngumu sana, kila hatua inazidi ugumu. Kuziachanisha ni rahisi zaidi kidogo, na kadiri zinavyoachana ndivyo kani inayozirudisha inavyolegea. Kwa hiyo zinapotikisika, upande wa ndani zinagota mapema, upande wa nje zinakwenda mbali. Ukichukua wastani, kila moja imesogea nje. Mtikisiko ukizidi, wastani unazidi kwenda nje. Jumlisha mabilioni ya atomi kwenye mita moja ya mwamba, unapata zile milimita zetu mbili na nusu.

Kijana akasema basi hewa nayo ni hivyohivyo. Hapana. Hewa ina sababu yake nyingine kabisa, na ili kuiona vizuri afadhali tutoke Nyamwaga tuvuke Mto Mara tuingie mbugani.

Kuanzia mwaka 1989 maputo ya hewa moto yamekuwa yakiruka Serengeti kubeba watalii. Niliyatazama kwa karibu nilipokuwa kwenye kazi ya kujenga nyumba za wafanyakazi upande wa Seronera. Kazi huanza gizani. Kitambaa cha puto hulazwa kwenye nyasi urefu wake wote, kikapu kimelala ubavu, na feni kubwa hupuliza hewa ya kawaida ndani mpaka tumbo lijae. Wakati huo puto limejaa na bado liko chini. Hapo ndipo wengi hukosea kufikiri: kujaa hakulirushi. Kisha rubani hufungua kichomeo cha gesi, ulimi wa moto unaingia kwenye mdomo wa puto kwa ngurumo, na baada ya dakika chache kitambaa kinaanza kunyanyuka chenyewe, kinasimama wima, na kikapu kinakaa sawa. Watalii wanapanda. Jua halijatoka vizuri bado.

Jambo la kutazama ni ule mdomo. Haufungwi. Uko wazi kuanzia mwanzo hadi mwisho wa safari, na kupitia hapo hewa hutoka.

Molekuli za hewa, tofauti na atomi za jiwe, hazikushikana. Kila moja iko peke yake, inakimbia na kugonga nyingine. Alfajiri ya nyuzi 15 mwendo wake wa kawaida ni kama mita 460 kwa sekunde, yaani kutoka kituo cha basi cha Nyamwaga hadi mwisho wa soko kabla hujapepesa jicho, kama isingekuwa inagongwa njiani. Ikipashwa moto hadi nyuzi 100 inafika mita 520 hivi. Presha ya hewa ni kugonga huko. Molekuli zinazokimbia zaidi hugonga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ili hewa ya ndani isishinde ya nje, lazima molekuli za ndani zipungue. Zinapungua kwa kutoka mdomoni. Hakuna suala la kamba kati ya molekuli na molekuli, ni kusukumana tu mpaka pande mbili zilingane.

Hesabu yake imefahamika tangu zamani. Ndugu wa Montgolfier, watengeneza karatasi wa Ufaransa, walirusha puto lao hadharani Juni 1783, na Novemba mwaka huohuo watu wawili wakapaa juu ya jiji la Paris. Wale ndugu waliamini kuwa moshi una gesi ya ajabu inayonyanyua, kwa hiyo walichoma majani na manyoya ya kondoo ili utoke moshi mwingi. Puto lilipanda pamoja na nadharia mbovu. Miaka michache baadaye Mfaransa mwingine, Jacques Charles, alipima jinsi gesi zinavyotanuka, na mwaka 1802 Joseph Louis Gay-Lussac akachapisha matokeo yake mwenyewe: gesi ikiwa na nyuzi 0, kila nyuzi moja unayoiongeza huiongezea ujazo kwa sehemu ileile, ambayo vipimo vya leo huiweka kuwa moja ya 273 hivi. Na cha kushangaza, gesi zote zinafanya karibu sawa. Hewa, hidrojeni, oksijeni, hakuna tofauti. Vitu vigumu havina umoja huo. Chuma kina kipimo chake, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kioo kina chake. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi wa yale niliyomwambia kijana: kitu kigumu hutanuka kulingana na jinsi atomi zake zilivyoshikana, na gesi haina kilichoshikana, kwa hiyo haina cha kuitofautisha na nyingine.

Sasa tuiweke Seronera, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1 na kidogo. Ipashe hadi nyuzi 100, ile iliyobaki ndani ya mita hiyo moja ina gramu 790 hivi. Tofauti ni gramu 230. Ni uzito wa nyanya mbili tatu. Lakini puto la kubeba abiria 16 lina ujazo unaozidi mita za ujazo 10,000, kwa hiyo linapata kani ya kunyanyua tani 2 na robo: watu, kikapu, mitungi, na kitambaa chenyewe. Mchana, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, puto lilelile na moto uleule litanyanyua karibu nusu tani pungufu. Ukiongeza na upepo unaoamka baada ya jua kupanda, unaelewa kwa nini mtalii aliyelipa dola zake anaamshwa usiku wa manane.

Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake waliruka kwa puto kutoka Zanzibar hadi bara, na baadaye wakapita juu ya Serengeti. Lao lilikuwa la hidrojeni, halikuwa na moto. Jua lilikuwa ndilo kichomeo: likipiga kitambaa, gesi ilitanuka na puto likapanda bila kuombwa, na wingu likipita gesi ilisinyaa, likashuka. Abiria wakawa wanamwaga mchanga au wanatoa gesi ili kubaki panapofaa.

Linganisha basi. Kwa nyuzi 85 za kupanda, hewa ya puto inatanuka karibu asilimia 30. Jiwe, kwa nyuzi hizohizo, ujazo wake hauongezeki hata robo ya asilimia moja. Lakini ile hewa iliyotanuka sana inazuiwa na kitambaa cha nailoni unachoweza kukikunja mfukoni, na jiwe lililotanuka kidogo linabomoa mwamba. Katika kazi yangu nimejifunza kuogopa kile kinachotanuka kidogo.

Bati, kwa mfano. Bati la mita 3 lililokuwa nyuzi 15 alfajiri likafika nyuzi 60 saa saba mchana hurefuka milimita 1 na nusu. Upande wa mawimbi yake halina shida, linajikunja na kujikunjua. Shida iko upande wa urefu. Papi za mbao zilizoshikilia misumari hazirefuki nalo, kwa hiyo kila siku bati linavuta msumari mchana na kuurudisha usiku. Ile ta, ta, ta unayoisikia jioni jua likizama ni bati linalosinyaa na kuteleza kwenye misumari. Miaka ikipita, tundu linakuwa refu, mpira wa msumari unakauka, na mvua ya Machi inakuta njia. Watu siku hizi wanapenda bati moja refu kutoka mgongo wa paa hadi ukingoni, mita 6 au zaidi, kwa sababu halina maungio. Mimi siwapingi, lakini nawaambia wanunue misumari ya skrubu yenye mpira mzuri, na wasibane kama wanafunga gurudumu la lori.

Zege lina bahati ambayo sisi mafundi hatuisemi vya kutosha. Nondo na zege hutanuka karibu kwa kipimo kimoja, sehemu kumi hadi kumi na mbili kwa kila milioni kwa kila nyuzi, yaani kila mita 100 ikipanda nyuzi 20 huongezeka sentimita 2 na kidogo. Hakuna aliyepanga. Mfaransa mtunza bustani, Joseph Monier, alipopata hati yake mwaka 1867 ya kutia waya wa chuma ndani ya vyungu vya saruji vya miti, alikuwa anataka vyungu visipasuke. Kama angetumia alumini, kila mchana wa jua ungekuwa unachana zege kutoka ndani, na nyumba za ghorofa za zege zisingekuwepo.

Zege na nondo wakikubaliana, bado wote wawili wanataka nafasi. Ukipanda basi la Musoma kwenda Sirari, kwenye Daraja la Kirumi utasikia tairi zikigonga kwenye maungio. Pale wahandisi wameacha mwanya kwa makusudi. Lile Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 lina urefu wa kilomita 3; likipanda nyuzi 15 kwa ujumla linataka kurefuka karibu nusu mita, na nusu mita hiyo imegawanywa kwenye miungano yake. Fundi wa kijijini naye ana kilomita zake ndogo. Veranda ya shule moja niliyoitwa kuikagua ilikuwa imemwagwa zege mfululizo toka darasa la kwanza hadi la mwisho, imebanwa ukuta huku na ukuta huku, marumaru juu yake zimegusana bila mwanya. Marumaru zilikuwa zimenyanyuka katikati safu nzima, zimeegemeana mbili mbili. Mwalimu mkuu alikuwa na hakika kwamba gundi ilikuwa mbovu.

Yapo pia yanayokwenda kinyume, na lazima niyataje kabla msomaji hajaniandikia. Ngozi ya ngoma ukiipasha moto inakaza, haitanuki. Tofali la udongo hutoka tanurini likiwa dogo kuliko lilivyoingia. Hapo joto limefukuza maji, na kuondoka kwa maji kumepunguza zaidi ya kile ambacho joto limeongeza. Dumu la petroli lililoachwa juani haliendi kinyume, lakini linafura kwa sababu mbili kwa pamoja: petroli hutanuka karibu asilimia 2 kwa nyuzi 20, lakini zaidi ya hapo mvuke wake ndio unaosukuma kuta. Ukilifungua, lifungue polepole, mbali na jiko na sigara.

Limebaki moja, nalo ni la upimaji. Kwenye tepu nzuri ya chuma, karibu na sifuri, utakuta imechapwa nyuzi 20. Maana yake mita zake 30 ni mita 30 kwa joto hilo. Saa saba mchana, ikiwa imelazwa juu ya ardhi ya moto na kufika nyuzi 40, imerefuka milimita 7, na ardhi unayoipima inaonekana fupi kwa kiasi hichohicho. Kwenye mpaka wa mita 300 hiyo ni sentimita 7. Nimewahi kumweleza hayo mzee mmoja aliyeniita nisimamie vigingi kati yake na jirani yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha kwa fimbo mahali kigingi kilipokuwa zamani na mahali kilipo sasa. Zilikuwa hatua kumi na moja. "Hizi," akaniuliza, "ni jua gani hilo?"